Vinundu vya mkole na vidudu vya miguu minne: je, ni spishi mpya?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika sekondari moja ya Kigamboni. Nyuma ya madarasa kuna mti ambao wenyeji wanauita mkole. Majani yake machanga yamejaa vinundu vyekundu vya milimita mbili hivi. Nilipasua kimoja ndani ya tone la maji, nikakitazama kwa hadubini ya shule. Nikaona vidudu vyeupe, virefu, vyenye miguu minne tu, na yote iko mbele. Nimetafuta mtandaoni, sijapata picha inayofanana. Je, nimegundua aina mpya ya utitiri? Kama ni mpya, nafanyaje ili itambulike, na ninaweza kuipa jina la marehemu bibi yangu, Fatuma? La mwisho: mtunza bustani wetu anataka kuupulizia mti dawa. Nimruhusu?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na hiyo miguu minne, maana hapo umenipunguzia kazi. Wengi wanaoniletea majani yenye vinundu huwa wamebeba kitu kingine kabisa: mabuu ya nzi wadogo wanaoishi ndani ya vinundu, na mara nyingine nyigu. Hao ni wadudu, na buu la nzi halina mguu hata mmoja. Utitiri mwingine tunaoufahamu, kama ule mwekundu unaokausha nyanya, ukikomaa una miguu minane. Lakini ukikuta kidudu cheupe chenye umbo la karoti, jozi mbili tu za miguu karibu na mdomo, tangu kinapoanguliwa hadi kinapokufa, basi uko kwenye kundi la Eriophyoidea. Hakuna utitiri mwingine wa namna hiyo. Wakubwa wake kwa kawaida wana urefu wa kati ya milimita 0.1 na 0.3, ndiyo maana mtu anaweza kuishi na mti miaka yote asijue kama kuna wapangaji.

Sasa, ni mpya? Inawezekana kabisa. Spishi za kundi hili zilizokwisha kuelezwa duniani ni kama 5,000, na nyingi kati ya hizo zimewahi kuonekana kwenye aina moja tu ya mmea, au kwenye mimea michache iliyo ndugu. Halafu fikiria misitu yetu ya pwani, Pugu, Kazimzumbwi, Pande, ilivyojaa mimea ambayo nyingine haipatikani popote isipokuwa ukanda huu. Ni watu wangapi wamewahi kupindua majani yake na kuyatazama kwa hadubini? Kwa maoni yangu, mtu yeyote mvumilivu anayepasua vinundu vya miti ya porini karibu na Dar es Salaam ana nafasi nzuri ya kukutana na kitu kisicho na jina.

Ila kutokuona picha mtandaoni si ushahidi wa chochote. Utitiri huu umekuwa ukielezwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, Alfred Nalepa alipokuwa akiuchora kule Austria, na sehemu kubwa ya spishi hizo hazijawahi kupigwa picha. Ziko kwenye michoro ya wino, katika majarida ya zamani ya Kijerumani, Kifaransa, Kireno na Kiingereza. Isitoshe, picha ya kinundu ni picha ya jani lililoumia. Utitiri wenyewe haupo hapo. Aina mbili tofauti zinaweza kutoa vinundu vinavyofanana, na mti huohuo ukabeba zote mbili.

Kwa hiyo, mwalimu, kuiona hakutoshi kuifanya iwe spishi mpya. Inakuwa mpya pale mtu anapowapitia wote waliokwisha kuandikwa, mmoja baada ya mwingine, na kuonyesha kwa vipimo na michoro kwamba huyu hayumo. Kazi ni hiyo, na mengine yote nitakayokueleza ni matayarisho yake.

Anza na mti. Najua umeniuliza habari za kidudu, lakini mtu akiniletea utitiri asiyejua umetoka kwenye mmea gani huwa namrudisha palepale mlangoni. "Mkole" ni jina zuri, na Wazaramo wanaujua mti huo vizuri kwa mambo ya mwali, lakini jina hilo linabeba aina kadhaa za jenasi Grewia, na pwani yetu inazo zaidi ya moja. Kata tawi lenye maua, na kama msimu unaruhusu lenye matunda pia, likandamize kwenye magazeti na ubao likauke, kisha lipeleke kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Chuo Kikuu pale Mlimani. Kubwa zaidi, ile ya taifa, iko Arusha. Wakikupa jina la mti, na namba ya tawi lako likiwa limehifadhiwa, ndipo utafutaji unaanza.

Na hapa kuna mtego unaowapata wengi. Siku hizi Grewia imewekwa kwenye familia ya Malvaceae, pamoja na bamia na pamba. Zamani ilikuwa Tiliaceae. Ukipekua orodha za zamani za utitiri chini ya Malvaceae pekee, utarudi mikono mitupu na kudhani uwanja uko wazi, kumbe mwenzako aliandika chini ya jina lile lingine. Usiishie Afrika pia. Grewia imeenea hadi Asia na Australia, na India ina wataalamu walioeleza utitiri mwingi sana wa kundi hili. Orodhesha kila utitiri uliotajwa kutoka Grewia yoyote, mahali popote. Orodha hiyo ndiyo utakayoshindana nayo.

Sasa ukusanyaji. Chukua vinundu vichanga, mvua za vuli au masika zinapokuwa zimetoa majani mapya. Kinundu kilichozeeka, kilichokwisha kugeuka kahawia, mara nyingi wenyewe wameshahama, na ndani wamebaki wapangaji wengine: utitiri unaowinda, unaokula kuvu, au utitiri wa kundi hilohilo usiotengeneza kinundu chochote bali umekaribia nyumba ya mwenzake. Nimeona watu wakieleza kwa bidii kubwa mgeni wa kinundu wakimdhania mwenye nyumba. Kinga yake ni kupasua vinundu vingi vya rika tofauti, na kuandika kwenye daftari ni nini kilikuwa ndani ya kila kimoja kabla hujachanganya chochote.

Gawa mavuno yako mafungu matatu. Fungu la kwanza liweke kwenye ethanoli ya asilimia 70 hivi, kwa ajili ya slaidi. La pili liweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, kwenye friji, kwa ajili ya vinasaba. La tatu ni majani yaliyokaushwa ndani ya bahasha ya karatasi. Usiidharau hiyo bahasha. Utitiri huu ukikauka pamoja na jani unaweza kuloweshwa tena miaka mingi baadaye na kurudia umbo lake. Watu wamewahi kuutoa kwenye majani yaliyokaa makabatini mwa hifadhi za mimea kwa miongo mingi. Ndani ya kila chupa weka kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, si kalamu, maana ethanoli huyeyusha wino: tarehe, mahali, namba za GPS, mmea, aliyekusanya. Chupa isiyo na karatasi hiyo ni takataka, hata kama ndani yake kuna hazina.

Slaidi ndiyo sehemu ngumu, na kwa Dar es Salaam ina ugumu wa ziada. Kidudu cha milimita 0.2 hukichukui kwa koleo. Tunagundisha ukope mmoja kwenye ncha ya kijiti, tunakigusa, kinang'ang'ania, tunakihamishia kwenye tone la asidi laktiki. Kinapashwa moto kidogo, nyama ya ndani inayeyuka, linabaki gamba linalopitisha mwanga. Kisha kinaingia kwenye gundi ya slaidi. Gundi inayotumika sana inaitwa ya Hoyer: maji safi, gundi ya mgunga, glaserini na klorali haidreti, dawa ambayo haiuzwi ovyo madukani, kwa hiyo utahitaji maabara ya chuo. Gundi hiyo inanyonya unyevu wa hewa. Kwa hewa ya pwani, slaidi iliyowekwa mezani bila kukaushwa vizuri kwenye oveni ya nyuzi 40 hadi 50 na bila kuzibwa kingo kwa vanishi, italainika, kidudu kitaogelea hadi pembeni, na kazi yako imekwenda. Mtu wa Arusha au Iringa hatakusikitikia sana. Hana tatizo hilo.

Hadubini ya shule imekufikisha pazuri, lakini haitakuvusha. Unahitaji lenzi ya mara 100 inayotumia mafuta, na hadubini yenye mfumo wa kuonyesha tofauti za vitu visivyo na rangi. Ukishaipata, kaa na jike mmoja kwanza, usiruke. Mbele kuna ngao inayofunika kichwa. Juu ya ngao kuna mistari: mmoja wa katikati, miwili inayoambatana nao, mingine pembeni. Je, wa katikati umefika ukingoni au umekatika? Ile miwili inapinda katikati au imenyooka? Nyuma ya ngao kuna nywele mbili: zimeota wapi hasa, na zimeelekea mbele au nyuma? Mwili umegawanyika pete nyembamba, 50, 60 au zaidi, na kila pete ina safu ya chembe ndogo. Hesabu pete za mgongoni, kisha za tumboni. Mara nyingi hazilingani. Tumboni, nyuma ya miguu, kuna kifuniko cha uke chenye mistari ya urefu, nayo huhesabiwa.

Halafu kuna mguu. Mwishoni mwa kila mguu kuna kikucha chenye vitawi pande zote mbili. Idadi ya vitawi hivyo, vinne, vitano, sita, ni mojawapo ya alama zinazotenganisha spishi, na ndiyo inayochosha macho kuliko zote. Unazungusha skrubu ya fokasi polepole mno: kitawi cha nne kinajitokeza, cha tatu kinapotea. Unaandika vinne. Jike anayefuata amelala vizuri zaidi, unaona vitano. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini tunataka majike kumi au zaidi, pamoja na madume na wachanga wakipatikana, na kwa nini mtu aliyeeleza spishi kwa vielelezo viwili vilivyobondeka huwa anawaachia matatizo watakaokuja baada yake. Kubondeka kwenyewe kunadanganya: kioo cha juu kikikandamiza, upana wa mwili unaongezeka. Kipimo cha upana kilichotokana na slaidi bapa usikitegemee.

Familia nyingine za utitiri zina alama zao. Kwa mfano, kama kidudu chako kingekuwa cha jenasi Tetranychus, ukoo wa ule wa nyanya, ningekwambia usihangaike na majike hata kidogo: spishi zinatenganishwa kwa umbo la uume wa dume, na dume huyo ni lazima alazwe ubavu kwenye slaidi, la sivyo huoni kitu.

Ukishapata vipimo, unarudi kwenye ile orodha ya Grewia, na pia kwa spishi za jenasi hiyohiyo ya utitiri kutoka mimea ya karibu. Unatafuta ile inayofanana na yako kuliko zote, halafu unaandika aya moja, ambayo ndiyo moyo wa makala nzima: inafanana na fulani kwa hiki na hiki, inatofautiana nayo kwa hiki, hiki na hiki. Mhakiki, yaani mtaalamu anayeipitia makala kabla jarida halijaichapisha, huifungua kwenye aya hiyo kwanza. Ukiandika kwamba ni mpya kwa sababu umeitoa kwenye mti ambao haujawahi kuripotiwa, atakurudishia. Mmea mpya ni sababu ya kutazama kwa makini zaidi, basi.

Tofauti zenyewe zinahitaji tahadhari. Utitiri wa kijani wa mihogo ni somo ambalo Afrika Mashariki tulilipia. Ulielezwa Brazil na Bondar mwaka 1938, leo unaitwa Mononychellus tanajoa, na mwaka 1971 ukaonekana Uganda, halafu ukasambaa kwenye mihogo ya bara zima. Kulikuwa na spishi jirani yake, M. progresivus, iliyotenganishwa hasa kwa urefu wa nywele za mgongoni. Wataalamu wakabishana miaka: tuliyonayo Afrika ni moja, ni nyingine, au ni zote mbili? Urefu wa nywele, ulipopimwa kwa wengi, ukaonekana kubadilikabadilika. Wakati huohuo watu walikuwa wanasafirisha maadui wake wa asili, yaani utitiri unaouwinda, kutoka Amerika Kusini. Wale wa Colombia walioachiwa miaka ya 1980 hawakudumu. Wa Brazil ndio waliokaa, hasa Typhlodromalus aripo, aliyeachiwa kwanza Benin mwaka 1993, anayejificha kwenye kilele cha mhogo mchana na kushuka majanini kuwinda usiku. Sidai kwamba ubishi wa jina ndio uliochelewesha mafanikio hayo. Nasema tu kwamba anayetafuta adui wa kidudu huanza kwa kuuliza kwao ni wapi, na swali hilo huwezi kulijibu bila jina sahihi.

Vinasaba vinasaidia, na siku hizi wahariri wengi hupenda kuviona. Kuna kipande cha jeni kiitwacho COI ambacho husomwa na kulinganishwa. Vimeshatufundisha kwamba baadhi ya tulizoziita spishi moja, kama utitiri unaokunja majani ya ngano, Aceria tosichella, ni mkusanyiko wa koo kadhaa zinazofanana sura. Lakini hazina ya vinasaba vya utitiri wa Afrika bado ni ndogo, kwa hiyo ukikosa kinachofanana na chako huko, umerudi palepale pa kukosa picha mtandaoni.

Kabla hujagusa hao wa mkole, nakushauri ujizoeze kwa utitiri wa nazi, Aceria guerreronis. Upo pwani yetu, na hapo Kigamboni hukosi minazi. Mwombe mkwezi akuangushie vidaka na vitale, si madafu. Tazama pale vigamba vya kikonyo vinapolifunika tunda: ukiona alama ya pembetatu, nyeupe au ya manjano, imeanzia chini ya vigamba na kushuka, umewapata. Kwenye koroma na nazi alama hiyo imeshakuwa kovu la kahawia lenye nyufa, na wenyewe wameshaondoka. Ng'oa vigamba taratibu, tazama upande wa ndani. Faida ya zoezi hili ni kwamba spishi hiyo ilielezwa na Keifer wa California mwaka 1965, na baada yake imechorwa na kupimwa na wengine, kwa hiyo una jibu la kujisahihisha. Tengeneza slaidi, hesabu, pima, chora, kisha linganisha na maelezo yaliyochapishwa. Siku michoro yako itakapokubaliana na yao, fungua kinundu cha mkole.

Tena jina lenyewe lina funzo. Guerrero ni jimbo la Mexico, ambako vielelezo vya kwanza vilitoka. Jina halisemi kwamba Mexico ndiko chimbuko la kidudu hicho, wala halibadiliki kwa kuwa sasa kinasumbua Brazil, India, Benin na Tanzania. Kwa hiyo ukiita wako kwa jina la Kigamboni, sawa, lakini ujue huenda kesho ukaonekana Lindi, Kilifi au Msumbiji.

Nije kwenye bibi Fatuma. Inaruhusiwa, na ni heshima nzuri. Jina la mwanamke kwa kawaida huishia na -ae, hivyo lingekuwa fatumae, kwa herufi ndogo, baada ya jina la jenasi. La mwanamume huishia na -i. Wengine huuliza kama wanaweza kujiita wenyewe. Kanuni haikatazi waziwazi, lakini watu wa fani watakucheka. Wala huhitaji: jina la mwandishi na mwaka hufuata jina la spishi, kama ulivyoona kwa Keifer, 1965. Ukikuta jina la mwandishi limewekwa ndani ya mabano, kama Mononychellus tanajoa (Bondar, 1938), maana yake ni kwamba aliiweka kwenye jenasi nyingine na baadaye ikahamishwa.

Lakini tafadhali usilitangaze jina hilo kwenye kundi la WhatsApp, wala kwenye bango la maonyesho ya shule. Jina la mnyama linahesabika pale tu linapochapishwa kwa kufuata Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, ambazo toleo lake la nne linatumika tangu 1 Januari 2000. Zinataka useme wazi kwamba ni spishi mpya, utoe maelezo yanayoitofautisha na nyingine, uteue kielelezo kimoja kuwa mbeba jina, kiitwacho holotaipu, na utaje kimehifadhiwa wapi. Jarida likiwa la kielektroniki tu, tangu 2012 makala lazima iwe imesajiliwa ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kutoka, na usajili huo uonekane ndani yake. Wahariri wa Zootaxa, Acarologia au Systematic and Applied Acarology wanayajua haya na watakuongoza. Jarida usilolifahamu linalokuahidi kuchapisha wiki ijayo kwa malipo, likwepe.

Holotaipu ni jike mmoja kwenye slaidi moja. Jina lote linaning'inia hapo: miaka hamsini ijayo mtu akitilia shaka michoro yako, hatakutafuta wewe, ataomba slaidi ile. Kwa hiyo isibaki kwenye droo ya ofisi ya mwalimu. Kanuni hazikulazimishi ni makumbusho gani, zinachosisitiza ni kwamba patunzwe na pafikike. Msimamo wangu ni kwamba vielelezo vilivyobaki, parataipu, vigawanywe, na sehemu nzuri ibaki Tanzania, kwenye chumba chenye hewa kavu. Tumezoea kusafiri Ulaya kwenda kutazama vidudu vyetu wenyewe.

Kutoa sampuli nje ya nchi kuna vibali vyake, na kutumbukiza bahasha posta kimyakimya si mojawapo. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, wako hapohapo Dar es Salaam kwa kibali cha utafiti. Mambo ya afya ya mimea yako chini ya mamlaka ya TPHPA, makao makuu Arusha. Ukishirikiana na mtu wa Mlimani au wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, safari hii inakuwa nyepesi zaidi, na utapata hadubini. Mkubaliane mapema nani ataandikwa kama mwandishi. Mwalimu aliyeona, akakusanya, akapima na kuchora anastahili kuwa mwandishi. Aliyeleta jani tu hushukuriwa mwishoni. Hesabu mwaka mmoja au zaidi, tangu jani hadi makala.

Mtunza bustani sasa. Mwambie bomba alirudishe stoo. Kwanza, dawa nyingi za madukani ni za wadudu, na utitiri si mdudu. Baadhi yake, hasa jamii ya pairethroidi, huua utitiri mwindaji na kuacha ule mharibifu ukizaliana bila adui. Salfa, ile wanayopulizia mikorosho kule Mtwara dhidi ya ubwiri unga, huua utitiri, lakini wenu wako ndani ya kinundu, ambako vumbi haliingii. Pili, mti wa porini uliokomaa hauuliwi na vinundu vya majani, umeishi navyo. Kama vinamkera, mwache apogoe vitawi vilivyoathirika sana baada ya wewe kukusanya, na vingine aviache kwenye mti, maana mhakiki akikurudishia makala akitaka madume, utalazimika kwenda kuchuma tena.